Kaskazini ya Prof Mumbere

Jumatatu, 5 Machi 1979

Bahati imenipata leo, na tumbo linaniuma. Kwangu mambo hayo mawili huja pamoja.

Muzee Ambroise, mpima ardhi wa serikali, alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. Jina la Ambroise tunalisema kwa sauti ndogo. Ofisini yeye ni Sitwayen, yaani raia tu, kama sisi wote, maana serikali haitaki tena majina ya watakatifu. Mchoraji wake amekwenda Djugu kwenye kilio. Yeye mwenyewe macho yanamtoka machozi tangu wiki iliyopita. Na Roger, kiongozi mpya wa wapimaji, ametumwa kutoka Kinshasa na anataka ramani safi kabla ya kupanda borne, zile nguzo fupi za saruji za kuonyesha mpaka na jina la mwenyewe. Muzee akaniomba nimnakilie ramani ya parseli nne, vipande vya ardhi vya upande wa barabara ya Kasenyi. Alisema hakuna mwalimu Bunia mwenye mwandiko kama wangu. Kweli kabisa.

Parseli nne! Na moja ni yangu!

Nieleze vizuri, maana nikiogopa nasahau. Kiwanja ni mraba mmoja mkubwa, umekatwa vinne sawasawa, na katikati iko borne moja ya zamani. Anza chini, upande wa kushoto: Matope. Hiyo ni yangu. Vyura, mafunjo, mbu. Panda juu, ukifuata mkono wa saa: Barabarani. Hiyo ni nzuri kuliko zote, magari ya samaki wa Kasenyi yanapita pale pale. Ni ya mtu anayeitwa Vahwere. Hakuna anayemjua. Labda yuko Butembo, labda amekufa. Geuka kulia: Kilimani, ya Mama Alphonsine, mjane anayeuza mandazi mbele ya kanisa. Shuka tena: Kijitoni, udongo mweusi, maji yanapita pembeni. Ya Katsuva.

Katsuva! Mfanyabiashara. Iko na pick-up, iko na tumbo, iko na sauti. Ananiita Prof wa Chaki mbele ya wanafunzi wangu. Jana, watu wakitoka misa, aliniuliza kama kule Matope nitajenga nyumba au nitachonga mtumbwi. Watu walicheka mpaka padri akacheka.

Emérance, mke wangu, hakucheka. Amechoka na nyumba ya kupanga. Amesema mvua kubwa ikimkuta bado humu, atachukua mtoto wetu Honorine na kurudi kwa mama yake. Naogopa mvua. Naogopa mama yake zaidi.

Nimekubali kuchora.


Jumanne, 6 Machi

Nimefanya!

Ijulikane kwamba mimi nilisoma hisabati kampasi ya Kisangani. Miaka miwili. Wa tatu hawakunitaka, kwa sababu ya wivu. Kule nilijifunza makundi. Kundi ni nini? Ni mkusanyiko wa miendo. Chukua mraba: iko miendo minane tu inayouacha ukifanana na ulivyokuwa. Kuuzungusha kwa robo, kwa nusu, kwa robo tatu, au kuuacha. Halafu kuupindua kwa namna nne, kama mtu kwenye kioo. Wanafunzi wangu wanafikiri ni mambo ya ubaoni. Maskini! Hawajui kundi linaweza kutenda juu ya ardhi, na ardhi ikahama bila jembe!

Robo moja tu, kufuata mkono wa saa. Mimi natoka Matope, naenda Barabarani. Vahwere anaenda Kilimani, hayupo, hatajua. Mama Alphonsine anaenda Kijitoni, kwenye udongo mweusi. Hiyo ni sadaka yangu kwa mjane. Na Katsuva anashuka Matope. Achonge mtumbwi!

Uzuri ni huu: sikugusa mstari hata mmoja, sikugusa jina hata moja. Parseli zote zinalingana, barabara kwenye karatasi hazijachorwa bado. Kitu kimoja tu kinamwambia mpimaji ashike karatasi namna gani: mshale wa kaskazini, pale pembeni, mdogo kama mguu wa kuku. Huo ndio niliozungusha. Robo, kulia. Halafu ule wa penseli kwenye mchoro wa kwanza wa Muzee nikaufuta kwa chembe ya mkate.

Ndiyo, kila mtu alikwisha kuonyeshwa parseli yake kwa kidole. Lakini serikali inaamini karatasi, haiamini kidole.

Nilimpelekea Muzee. Alileta karatasi karibu na macho yake yanayolia, akanishukuru, akasema Mungu anibariki mimi na nyumba yangu. Nilipotoka, gari la askari lilipita. Halikusimama. Kwa nini halikusimama?

Mbwa wa jirani ameniangalia sana jioni hii.


Alhamisi, 8 Machi

Balaa! Balaa la kweli!

Roger na watu wake wamepanda borne leo asubuhi. Nilijificha kwenye majani marefu nione utajiri wangu ukizaliwa. Roger alitoa dira yake, akaweka ramani chini, akasoma jina la Barabarani kwa sauti. Nikafunga macho kwa furaha.

Mama Alphonsine!

Nikayafungua. Kilimani: Katsuva. Kijitoni: mimi. Matope: Vahwere.

Mambo yote yamekwenda kinyume! Nilikaa kwenye majani nikatafuta kosa, siafu wakinipanda. Nimelipata. Nilizungusha mshale kulia. Lakini Roger hakuuacha mshale pale nilipouelekeza. Aliugeuza uangalie kaskazini ya kweli, na karatasi yote ikazunguka naye, kushoto! Kutenda juu ya mshale si kutenda juu ya ardhi. Kimoja ni kinyume cha kingine. Professeur wa Kisangani aliwafundisha wenzangu jambo hilo. Siku hiyo mimi nilikuwa na malaria.

Katsuva alifika na pick-up yake, akaona jina langu kwenye udongo wake mweusi. Alinitoa majanini kwa sauti tu.

"Weye Prof wa Chaki, unatafuta nini kwangu? Siye wote tulionyeshwa na kidole!"

Nikasema mimi pia nashangaa. Roger akasema yeye hajui vidole vya Bunia. "Miye niko nafwata karatasi." Halafu akanishika mkono, akanivuta pembeni, uso wake umekauka kama muhogo juani. Akaniuliza kama najua Vahwere ni nani. Nikasema hapana.

Vahwere ni bibi, Koko Vahwere, mama-mkwe wa Kapiteni.

Kapiteni wa kambi! Yule aliyesimamisha soko zima kwenye jua kwa sababu mbuzi mmoja alipita mbele ya bendera. Yule ambaye wanafunzi wangu wakisikia buti zake wanasahau kuvuta pumzi. Kapiteni mwenyewe alikwenda ofisini kuomba ile parseli ya Barabarani, kwa sababu bibi kizee anatoka Beni wiki ijayo, na Kapiteni anataka kumwonyesha mbele ya watu wote kwamba binti yake hakuolewa ovyo.

Na mimi nimemtupa bibi huyo kwa vyura.

Nilikaa juu ya borne. Katsuva akasema: ona, sasa anakalia mpaka wangu.


Ijumaa, 9 Machi

Jeep ya kambi mbele ya shule! Niliiona kupitia dirisha nikiandika ubaoni. Niliwaambia wanafunzi wa mwaka wa tano watafute wenyewe jibu, nikaingia kwenye kabati la jiografia, nikavuta mlango.

Mle ndani iko ramani ya Afrika, tufe lililotoboka, na panya. Nilisikia buti kwenye korido. Nilimsikia prefe, mkuu wa shule, akiniita kwa sauti tamu ambayo hajawahi kuniitia. Anayeita kwa sauti tamu amekwisha kukuuza. Niliomba kwa Mungu, kisha kwa mtakatifu wa jina langu, kwa sauti ndogo.

Panya alipanda goti langu. Nikatoka nikipiga kelele.

Alikuwa kaporali tu. Amekuja juu ya mtoto wake, aliyepata tatu juu ya ishirini kwenye hisabati. Nikamwambia palikuwa na kosa la kuhesabu, mtoto amepata kumi na tisa. Kaporali akafurahi sana, akanikumbatia, na kwa furaha hiyo akanipa habari. Kapiteni amepita jana kuona borne. Amerudi kambini, akavunja kiti. Sasa anamtafuta yule aliyemtupa mama-mkwe wake mu mafunjo.

Sikula mchana. Emérance akauliza nina nini, nikamweleza yote, maana mtu mwenye hofu ni kama ndoo iliyotoboka. Alinisikiliza akimnyonyesha Honorine. Kisha akasema: "Papa Honorine, enda kwa Muzee Ambroise. Sema kweli. Muzee ni mutu muzuri, atatengeneza."

Nikamfafanulia kwamba katika kundi kila mwendo lazima uwe na kinyume chake, ili mtu aweze kurudi alikotoka. Kweli haina kinyume. Ukishaisema, huirudishi. Kwa hiyo kweli siyo ya kundi.

Akasema ujinga pia hauna kinyume, akaenda kuosha sahani.

Lakini amenipa wazo! Kinyume! Nikizungusha mshale robo moja upande wa pili, kila mtu anarudi kwake, Koko anapata barabara yake, na hakuna aliyefanya kitu.


Jumamosi, 10 Machi

Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya mtaa mzima, kungʼoa majani kando ya barabara. Mama Alphonsine alichagua kulima karibu na mimi. Alikuwa anaimba. Alisema hajui malaika gani amempeleka Barabarani, mjane kama yeye, asiye na mutu ofisini. Anataka kuweka meza pale, auze mandazi kwa madereva wa samaki. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa njia hiyo hiyo. Alisema atakuwa kama anamngoja tena.

Jembe lilinipiga mguuni.

Baada ya salongo nilikwenda nyumbani kwa Muzee Ambroise. Alikuwa amelala kwenye kiti, kitambaa chenye maji kwenye macho. Nikamwambia nimeota kwamba wino wa ramani umetapakaa, na kwa heshima ya ofisi naomba niutengeneze. Alisema kijana mwenye uangalifu kama mimi hajawahi kumwona. Akaniambia ramani iko mezani.

Nilitoa wembe, nikakwangua mshale. Polepole! Karatasi ile ni ya kupitisha nuru, na pale pembeni ilibaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Wino ungeipasua. Nikafikiri haraka, kama mwanahisabati: nikaigeuza, nikachora mshale mpya kwa nyuma. Unaonekana mbele bila shida. Safari hii nilizungusha kushoto. Nilihakikisha. Nilinyoosha mkono wangu wa kushoto, ule wenye kovu, nikasema kwa moyo: huku.

Muzee aliuliza kutoka chini ya kitambaa kwa nini napumua kama mbuzi wa Krismasi. Nikasema ni vumbi.

Nikapita kwa Roger, nikamwambia Muzee amesahihisha mshale, mambo ya ofisi, atazame upya. Alishukuru sana. Yeye pia anaogopa kambi.


Jumanne, 13 Machi

Nataka kufa, lakini siyo kwa mikono ya Kapiteni.

Borne zimehamishwa. Barabarani: Katsuva. Kilimani: mimi. Kijitoni: Koko Vahwere. Matope: Mama Alphonsine.

Sikuzirudisha. Nimezizungusha tena upande ule ule! Kutoka nyuma ya karatasi, kushoto ni kulia. Nimepindua bila kujua kwamba nimepindua. Robo na robo ni nusu, na nusu imempa Katsuva barabara!

Alikwisha kumwaga mchanga pale. Lori zima. Alikuwa amesimama juu ya rundo la mchanga kama kasisi juu ya mimbari, akawasalimia madereva wote wanaopita. Aliponiona akasema kwamba kumbe serikali iko na akili.

Sasa niandike jambo ambalo sitaki kuliandika. Mama Alphonsine alikuwa kule chini, Matope. Alikuwa amevua viatu, amekaa juu ya borne, miguu ndani ya maji. Alikuwa na meza yake. Ameileta kichwani kutoka nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Hakulia. Aliniambia tu, bila kunitazama: "Prof, weye umesoma. Mutu anaweza kupewa kitu na kunyanganywa kwa karatasi moja?"

Nilifungua mdomo. Jeep ikapita barabarani. Nikaufunga.

Nilimpeleka Emérance kuona Kilimani, nikitumaini atafurahi. Pakavu, upepo mzuri, unaona milima. Alisimama, akatazama chini kwenye mafunjo, akasema hawezi kupika chakula akimwangalia mama yule. Akarudi nyumbani peke yake, mbele yangu, akitembea haraka.

Kaporali amefika jioni. Mtoto wake amenishukuru kwa alama. Halafu akatoa amri: kesho saa tatu, wote wenye parseli, pamoja na Muzee Ambroise na Roger, tukutane kiwanjani. Kapiteni atakuja na Koko. Alisema pia nisivae kofia, Kapiteni hapendi kofia.

Nina homa. Nimeomba iwe malaria. Siyo malaria.


Jumatano, 14 Machi

Niko hai. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, ni nafuu kwa tumbo.

Tulisimama kwenye mstari kando ya borne ya katikati. Katsuva, Mama Alphonsine, mimi, Roger. Muzee Ambroise ameshika karatasi. Emérance alikuja pia, Honorine mgongoni, ingawa nilimkataza. Jeep ikafika. Kapiteni ni mtu mfupi. Hilo ndilo linaogopesha: hasira yote ile, na mahali pa kuiweka ni padogo.

Nyuma yake akashuka Koko Vahwere, bibi mwembamba mwenye fimbo, kitenge cha zamani, macho makali. Hakutusalimia. Akaanza kutembea peke yake kwenye kiwanja, akichoma udongo kwa fimbo.

Kapiteni akauliza nani alichora ramani hii.

Walijibu vyura tu.

Muzee Ambroise aliinua karatasi kwenye jua. Macho yake yamepona! Niliona nuru ikipita pale nilipokwangua, duara nyeupe kama dirisha. Aliitazama mbele. Akaigeuza, akaitazama nyuma. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu.

"Mon Kapitene," Muzee akasema, "sahihi hapa chini ni yangu. Kosa iko yangu."

Kapiteni akamwambia apande jeep.

Mzee wa watu! Akaanza kukunja karatasi vizuri, kama mtu anayekunja shati. Nilisikia kitu kinanisukuma mgongoni. Nilifikiri ni dhamiri. Ilikuwa kidole cha Emérance. Alinisukuma mbele kwa nguvu, nikajikuta katikati ya mstari na Kapiteni, macho kwa macho, na lazima niseme kitu.

Ningeweza kusema kweli. Ilifika mpaka kwenye meno. Lakini nikaona mkanda wake, na kilichotoka ni kingine kabisa. Nikasema mimi sina faida yoyote katika kosa hili! Mimi ni mtu wa Matope! Kilimani sikutaka! Matope nilionyeshwa kwa kidole, na Matope naipenda, vyura wake nimewazoea, harufu yake inanituliza. Naomba kitu kimoja tu hapa duniani, kila mtu arudi pale kidole kilipomwonyesha, na mimi nirudishiwe matope yangu. Nikanyoosha mkono juu. Nikaapa kwa Mungu na kwa mtoto wangu kwamba sitatoka Matope mpaka nife, hata nikipewa mji mzima wa Bunia.

Nilikuwa nalia. Machozi ya kweli, ya hofu.

Kapiteni alinitazama kwa mshangao. Akasema kwa miaka yote Ituri hajawahi kuona mtu anayependa kitu alichopewa na serikali. Akaamuru: kila mtu arudi kwa kidole chake. Leo hii hii. Mama Alphonsine akaweka mikono kichwani. Kilimani ni yake tena! Katsuva akatazama mchanga wake.

Nilikuwa nimewaokoa wote, na mimi pia! Nilianza kupumua.

Hapo Koko Vahwere akarudi, fimbo imejaa matope mpaka katikati. Akamwuliza Kapiteni ni nani alimwambia yeye anataka barabara. Vumbi! Malori! Honi! Yeye amelima majimbi kwenye maji tangu utoto, na anasuka mikeka ya mafunjo. "Miye nataka pale," akasema, akaonyesha Matope. "Udongo unanukia vizuri. Mwenye Matope ni nani? Achukue Barabarani, tubadilishane leo."

Mwenye Matope!

Mimi!

Barabarani, bila wembe, bila mshale, bila kundi! Nilikwisha kunyoosha mkono. Lakini Kapiteni akatikisa kichwa. Akamwambia Koko haiwezekani, huyu Prof ameapa hapa mbele yetu kwamba hatoki Matope mpaka kufa. Nikasema kiapo kile, Kapiteni, kilikuwa tu kwa namna ya kusema. Kapiteni akasema yeye anawajua wanaume wanaoapa mbele yake halafu wanabadilisha. Iko chumba chao kambini.

Nikasema naipenda sana Matope.

Koko alinigusa shavu. Akasema hawezi kumnyangʼanya mtu penzi lake. Na Katsuva, yule nyoka, akavua kofia yake (kumbe yeye hakuambiwa!) akasema kwa sauti ya malaika: "Koko, kwangu Kijitoni maji yanapita pembeni. Majimbi yatazaa. Kwa heshima yako, miye nitavumilia vumbi ya barabara."

Wakabadilishana pale pale. Mchanga haukuhama hata punje.

Koko akamwambia Kapiteni amshushe yule muzee kwenye jeep, macho yake yanaonyesha ameteseka vya kutosha. Muzee akashuka. Alipopita karibu na mimi alisimama, akaniwekea mkono begani, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Prof. Kaskazini iko moja."

Basi. Heri angenipiga.

Njiani tukirudi Emérance alinibebea mfuko wangu. Sijui kama ni huruma. Alisema angalau Mama Alphonsine amelala kwake. Nikasema hiyo ni kazi yangu. Akasema ndiyo, ya kidole chake na woga wangu.


Jumamosi, 17 Machi

Mvua kubwa imeanza. Emérance hajaondoka. Amesema anangoja kuona nitajengaje juu ya maji. Amenunua buti za mpira, zake na zangu. Mama Alphonsine alituletea mandazi. Nilikula nikitazama ukuta. Muzee Ambroise alipita mbele ya nyumba, akasalimia mtoto.

Nimetulia. Nimefikiri. Niliogopa sana wiki hii, na sababu yake naiona wazi sasa: karatasi. Karatasi iko na mbele na nyuma, inakwanguliwa, inashikwa kwenye jua. Hisabati yangu haikuwa na kosa lolote.

Na leo kaporali ameleta habari! Mwaka huu itapita ndege ya kupiga picha nchi yote kutoka juu. Picha zitafanywa namba, na namba zitaingizwa kwenye mashine kule Kinshasa. Mashine itashika ramani yote tumboni: mito, barabara, parseli. Kila mtu atakuwa namba mbili tu, moja ya mashariki, moja ya kaskazini. Wanatafuta Bunia mtu mwenye hisabati na mwandiko mzuri wa kuandika namba za huku kabla hazijatumwa. Kapiteni amewaambia anamjua mmoja, mtu asiye na tamaa.

Nikachukua kalamu.

Ni rahisi mno! Hakuna mshale, hakuna wembe. Mwandishi anachoka, anaandika ya kaskazini mahali pa mashariki, na ya mashariki mahali pa kaskazini. Kosa la kibinadamu. Mashine haina macho, itaamini. Nimejaribu sasa hivi, borne ya katikati nikaiita sifuri. Katsuva anatoka Barabarani! Anatupwa moja kwa moja upande wa pili! Nilipiga meza kwa furaha, Honorine akaamka.

Emérance alikuja, akainama juu ya karatasi, akafuata namba kwa kidole mpaka Matope, pale namba mbili zinafanana. Akaniuliza: na siye, kwa hesabu hii, tunaenda wapi?

Nimemwambia hilo ni jambo dogo, nitalipima baada ya kukubali kazi.